Aliyezitia irabu herufi zetu alikuwa mtu wa hesabu

JIONI moja baada ya swala ya Alasiri alinijia mzazi mmoja hapa Ilula, mkulima wa nyanya, ambaye mwanawe wa kidato cha pili anasoma madrasa kwangu. Tulisalimiana, tukakaa barazani kwa msikiti, kisha akaniomba nisimwelewe vibaya. Kuanzia mwezi unaofuata kijana hatakuja tena madrasa. Atakwenda tuisheni ya hisabati.

Sababu yake ilikuwa shambani. Msimu ule aliuza nyanya zake kwa matenga. Anayeijua Ilula anajua mambo yalivyo: tenga linajazwa hadi mdomoni, kisha linapandishwa kilele juu yake, ndiyo hiyo lumbesa, na bei inabaki ile ile ya tenga moja. Mzee aliporudi nyumbani alijaribu kupiga hesabu ya alichotoa na alichopokea, na kila alipopiga alipata jibu jingine. Akaapa kwamba mwanawe hatakuwa kama yeye.

Nilikuwa na mawaidha tayari mdomoni. Kila ustadhi anayo: dunia inapita, akhera ndiyo yenye kubaki. Lakini yalinikwama, kwa sababu ambayo naiona aibu kuisema. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba hisabati ni elimu ya dunia, na kwamba aliyefeli hisabati asihuzunike sana maadamu anaijua dini yake. Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa dhaifu katika somo hilo tangu sekondari. Nikafika chuo kikuu kwa masomo mengine, nikarudi kufundisha, na udhaifu wangu nikaugeuza kuwa fatwa.

Badala ya mawaidha, siku ile nilimsimulia mzee habari za mtu mmoja. Naomba nikusimulie na wewe ndugu msomaji, maana tatizo hili si la Ilula peke yake. Wazazi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa nao wanawagawa watoto wao vipande viwili: huyu wa madrasa, huyu wa hesabu.

Mtu huyo ni Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, aliyeitwa pia Abu Abdurrahman. Alizaliwa mwaka 100 Hijria, sawa na 718 Miladia, wakati hata miaka 90 haijatimia tangu Mtume Muhammad (SAW) kufariki. Asili yake ni Oman, kabila la Azd, ukoo wa Farahidi. Ni Oman hiyo hiyo ambayo karne nyingi baadaye ilifungamana na mwambao wetu, na ambayo hadi leo ina familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Makuzi yake yalikuwa Basra, Iraq, na huko ndiko alikosoma na kufundisha maisha yake yote. Miongoni mwa walimu wake alikuwemo Ayub As-Sakhtiyani, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, na Abu Amr bin Al-Alaa, mmoja wa maimamu saba wa visomo vya Qur'an.

Basra wakati ule ilikuwa mji wa bandari wenye watu wa kila namna. Waajemi na watu wa mataifa mengine walikuwa wakiingia katika Uislamu kwa wingi, nao Kiarabu hawakukinyonya kwa mama zao. Walikosea irabu, na katika Qur'an kukosea irabu ni kubadili maana, mtendaji akawa mtendwa. Kabla ya Al-Khalil, Abul-Aswad Ad-Duali alikuwa ameanza kutibu jambo hili kwa kuweka nukta za wino wa rangi tofauti: nukta juu, nukta chini, nukta pembeni. Tatizo likawa kwamba herufi zenyewe nazo zilipata nukta zake za kutofautisha ba na ta, jim na kha. Msomaji akakutana na nukta juu ya nukta, na mwandishi akalazimika kushika wino wa aina mbili.

Al-Khalil alilitatua kwa wepesi wa ajabu. Alichukua alifu ndogo akailaza juu ya herufi, ikawa fat-ha. Wau ndogo akaiweka juu, ikawa dhumma. Kasra akaitoa katika ya ndogo, akaiweka chini. Shadda ameitoa katika kichwa cha shin, na hamza katika kichwa cha ain. Kwa hiyo mtoto wa Ilula anayeketi mkekani na Juzuu Amma yake, na mtoto wa Kariakoo, na wa Lamu, wote wanasoma kwa alama zilizotoka kichwani kwa mtu huyu. Tunazitumia kila siku na wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Lakini alikuwa mtu wa namna gani? Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Al-Khalil hakuwa mtu wa kukusanya maneno tu na kuyahifadhi. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Aliamini kwamba lugha ambayo kila mtu anaisema bila kufikiri ina mpango ndani yake, na kwamba mpango huo unaweza kuchorwa na kupigiwa hesabu.

Aliuonyesha kwanza katika mashairi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa Makka alimuomba Mwenyezi Mungu (SW) amjaalie elimu ambayo hakuna aliyemtangulia kwayo. Inasimuliwa pia kwamba akipita katika soko la mafundi shaba aliisikia milio ya nyundo, zikipishana nzito na nyepesi, akapata fikra. Waarabu walikuwa wakitunga mashairi tangu zama za ujahilia na sikio lao lilijua ubeti upi umekaa sawa na upi umevunjika. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Al-Khalil aliyaacha maneno na maana zake kando, akasikiliza kitu kimoja tu: herufi hii ina haraka au ina sukuni. Ni alama mbili tu. Akaziunganisha kuwa vipande vidogo, akavipa majina ya vifaa vya hema, kamba na kigingi, kwa kuwa ubeti kwa Kiarabu ni nyumba, na nyumba ya Mwarabu wa jangwani ni hema.

Kutokana na vipande hivyo akapata bahari 15, akazipanga katika duara tano. Fikiria duara ambalo juu yake umeweka mapigo kwa mpangilio maalumu. Ukianza kusoma kutoka hapa unapata bahari moja. Ukisogea hatua chache ukaanzia pale, kwa mapigo yale yale, unapata bahari nyingine. Duara lilimpa hata bahari ambazo Waarabu hawakuwahi kuzitungia mashairi, naye akaziacha kando kama zisizotumika. Bahari ya kumi na sita iliongezwa baadaye na Al-Akhfash. Husimuliwa kwamba mwanawe alimkuta ndani akikatakata beti kwa mapigo, akatoka mbio kuwaambia watu kwamba baba amepata wazimu.

Msomaji anayependa mashairi ya Kiswahili atakuwa ameshatambua jambo. Malenga wetu wanaposema arudhi, wanaposema bahari za ushairi, wanaposema beti, wanatumia istilahi za elimu hiyo ya Basra. Kipimo chetu ni tofauti, sisi tunahesabu mizani na kutazama vina, lakini fikra ya kwamba shairi lina kanuni inayohesabika tumeipokea na kuifanya yetu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili katika kitabu, na kijana yeyote wa sekondari anayehesabu mizani nane kwa vidole vyake anafanya hesabu, ajue asijue.

Kazi yake ya pili ni kubwa zaidi. Al-Khalil alitaka kuandika kamusi itakayokusanya maneno yote ya Kiarabu. Wenzake walikuwa wakikusanya kwa mada: kitabu cha ngamia, kitabu cha farasi, kitabu cha mimea. Kwa njia hiyo hujui lini umemaliza, wala hujui umesahau nini. Yeye akauliza swali la mtu wa hesabu: je, maneno yote yanayowezekana ni mangapi?

Akaona kwamba herufi zina idadi maalumu, na kwamba mzizi wa neno la Kiarabu una herufi mbili, tatu, nne au tano, hauzidi hapo. Herufi mbili unaweza kuzipanga kwa njia 2. Herufi tatu kwa njia 6. Herufi nne kwa njia 24. Herufi tano kwa njia 120. Chukua herufi 28 na uzipange mbili mbili bila kurudia herufi, unapata mizizi 756. Tatu tatu, 19,656. Nne nne, 491,400. Tano tano, 11,793,600. Jumla ni 12,305,412, na hiyo ndiyo idadi iliyopokewa na wanavyuoni kuwa ni hesabu ya Al-Khalil. Mwenye kalamu na aihakikishe.

Akawa sasa ameshika lugha nzima kama mvuvi aliyeuzungusha wavu ziwa zima. Kilichobaki ni kupita mzizi mmoja baada ya mwingine na kuuliza: huu Waarabu wameutumia au wameuacha? Chukua kaf, ta na ba. Kuna kataba, kuandika, ambako sisi tumepata kitabu, katibu na maktaba. Zigeuze, kuna kabata, kudhalilisha. Kuna bataka, kukata. Kuna bakata, kukemea. Yote yanakaa katika mlango mmoja wa kamusi, kwa hiyo hakuna linalopotea.

Herufi zenyewe hakuzipanga alifu, be, te. Alizipanga kwa mahali zinapotamkiwa, kuanzia ndani kooni hadi midomoni, na kwa kuwa alianzia na ain, kitabu kikaitwa Kitabul Ain. Anayesomesha tajwidi leo na kuwaeleza watoto makharij yuko katika elimu hiyo hiyo. Kisha akaona kanuni nyingine: mzizi wa Kiarabu wenye herufi nne au tano lazima uwe na angalau herufi moja kati ya ra, lam, nun, fa, ba na mim. Neno refu lisilo na hata moja, mtilie shaka anayekuambia ni la Kiarabu. Sisi nasi tuna kanuni za namna hiyo ingawa hatuzifikirii. Neno kitab lilipofika pwani liliongezwa u mwishoni, kwa sababu ulimi wa Mswahili unapenda neno liishie kwa irabu. Hakuna aliyekaa kikao kupitisha. Kanuni ilikuwemo tayari.

Al-Khalil hakuwahi kukikamilisha kitabu hicho. Aliweka msingi na mpango, na mwanafunzi wake Al-Laith akakimalizia, na wanavyuoni wamejadiliana kwa karne nyingi kipi ni cha mwalimu na kipi ni cha mwanafunzi. Katika nahau vilevile, kitabu kikubwa kuliko vyote kiliandikwa na mwanafunzi wake Sibawaihi, ambaye alikuwa Muajemi, lakini sehemu kubwa ya kitabu hicho ni majibu ya Al-Khalil kwa maswali ya kijana huyo. Aliandika pia kuhusu maandishi ya fumbo. Inasimuliwa kwamba aliifumbua barua ya siri ya Kiyunani kwa kukisia tu kwamba lazima imeanza kwa jina la Mungu, kisha akazipata herufi nyingine kwa kufuata zile alizozijua.

Msomaji anaweza kudhani mtu wa namna hii aliishi kwa neema. La hasha. Mwanafunzi wake An-Nadhr bin Shumail ameeleza kwamba aliishi Basra katika kibanda cha matete, hana hata senti mbili, wakati wengine wanachuma mali kwa elimu yake. Sulaiman bin Habib, mmoja wa watawala wa wakati ule, alimtumia mjumbe akimtaka aende kumfundisha mwanawe. Al-Khalil akamtolea mjumbe kipande cha mkate mkavu, akamfahamisha kwamba maadamu anacho hicho hamhitaji Sulaiman. Wasimulizi wanasema alikuwa akihiji mwaka mmoja na kwenda jihadi mwaka unaofuata. Mtu wa ibada, mtu wa zuhdi, na kichwani mwake tarakimu zinapita usiku na mchana. Hakuona kwamba moja linalifukuza jingine.

Alifariki kati ya mwaka 170 na 175 Hijria, yaani takriban 786 hadi 791. Na kifo chake ndicho kilichonifanya nimsimulie mzee wa nyanya. Inaelezwa kwamba siku moja alisema anataka kubuni njia nyepesi ya hesabu, nyepesi kiasi kwamba kijakazi aliyetumwa dukani asiweze kudhulumiwa na muuzaji. Akaingia msikitini huku akiifikiria, akili yote iko huko, akaigonga nguzo, akaanguka, na ikawa ndiyo sababu ya mauti yake. Wengine wanasema alikuwa akipima bahari ya shairi. Allah ndiye Mjuzi zaidi. Lakini umma uliipokea na kuihifadhi habari hii ya kijakazi, na hilo peke yake linatosha kutufundisha.

Nilipofika hapo mzee alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Mwanachuoni wa lugha ya Qur'an amekufa akitafuta hesabu ya kumkinga mnyonge sokoni. Mkulima wa Ilula anapunjwa kwa lumbesa mbele ya macho yetu, na mimi nimemwambia mwanawe kwamba hesabu si jambo la dini!

Sitaki nieleweke kwamba nadai Waislamu ndio waliogundua kila kitu. Maneno hayo tumeyazidisha mno katika mihadhara yetu, na hayatulishi. India ilikuwa na Panini, aliyeweka sarufi ya Kisanskriti kwa kanuni fupi fupi zaidi ya miaka elfu kabla ya Al-Khalil. Mwaka 1913 Mrusi Markov alihesabu irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za shairi la Pushkin ili aonyeshe jinsi herufi moja inavyoifuata nyingine. Mwaka 1957 Mmarekani Noam Chomsky alitoa kitabu kinachoeleza sarufi kama kanuni za kuzalisha sentensi, na alikuwa ameanza kwa kuandika tasnifu juu ya Kiebrania, lugha ya mizizi kama Kiarabu. Simu tulizonazo mkononi leo, zinazokisia neno kabla hujamaliza kuliandika na kutafsiri kutoka lugha hii hadi ile, zinafanya kazi kwa kugeuza maneno kuwa tarakimu. Elimu hii haina kabila. Swali langu ni kwetu: nani atakayeihesabu lugha yetu ya Kiswahili, ikiwa mwenye kujua herufi tumemkataza hesabu na mwenye kujua hesabu tumemtoa kwenye herufi?

Mzee yule tulikubaliana hivi. Kijana ataendelea na madrasa siku nne, na siku mbili atakwenda tuisheni. Kisha nilimfuata mwalimu mmoja wa hisabati wa hapa mjini, nikamuomba aje madrasa kila Jumamosi kwa saa moja. Amekubali, na malipo yake ni nauli na chai. Siku ya kwanza niliandika ubaoni silabi tatu, ki, ta na bu, nikawaambia watoto wazipange kwa kila njia. Walipata sita: kitabu, kibuta, takibu, tabuki, bukita, butaki. Nikasema lenye maana ni moja tu. Binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono, akanikumbusha kwamba Tabuki ni mahali alipokwenda Mtume (SAW) na jeshi lake. Nikamwambia amesema kweli, na kwamba wazee wetu wa Pate waliitungia safari hiyo Utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya mwaka 1728, kwa mizani nane nane, kwa herufi za Kiarabu, kwa irabu za Al-Khalil. Mwalimu wa hisabati akauliza nazo silabi nne zitatoa mipangilio mingapi. Mtoto wa mzee wa nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. Mimi nilikuwa bado nahesabu.

Walimu wenzangu wa dini, tuache kuwaficha watoto udhaifu wetu nyuma ya neno akhera. Wazazi, msimtoe mtoto madrasa kwa sababu ya hesabu. Mleteni mwalimu wa hesabu madrasa. Na ninyi vijana Waislamu mliomaliza vyuo vikuu kwa masomo ya sayansi, saa moja kwa wiki katika madrasa ya mtaani kwenu haitawapunguzia kitu. Mzee yupo barazani, anasubiri kujua matenga yake yalikuwa mangapi kweli.

Wabillahi tawfiq.